Mzee hakudanganya

Natengeneza simu na kompyuta hapa Nsambya, Kampala. Wateja wangu wengi ni Wakongo, kwa hiyo kutwa nzima ni Kiswahili. Wanachonitafutia zaidi ni picha zilizofutwa. Mara nyingi zinapatikana: ukifuta picha kwenye memori kadi, kinachoondoka kwanza ni jina lake kwenye orodha, picha yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Basi ukishafuta kwa bahati mbaya, usipige nyingine. Leta kadi ilivyo.

Mzee mmoja wa Bunia aliniletea kadi ya harusi ya binti yake. Alikuwa anatafuta picha moja tu: marehemu mdogo wake akicheza mlangoni pa kanisa. Alinieleza mpaka rangi ya shati. Picha zilirudi zote, mdogo wake hayumo. Mwanawe akamkatiza: "Baba, baba mdogo hakuja. Alikuwa mgonjwa, acha kutunga." Mzee akanyamaza. Lile neno "kutunga" liliniuma sana.

Mtu anaweza kukumbuka vibaya bila kutunga. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka tarehe 28 Januari 1986. Kesho yake mwanasaikolojia Ulric Neisser, wa Chuo Kikuu cha Emory, aliwapa wanafunzi karatasi waandike walipataje habari ile. Yapata miaka miwili na nusu baadaye yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawauliza tena. Wengi walisimulia tofauti na walivyoandika, bila wasiwasi wowote, na hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe kuna walioshikilia hadithi mpya. Hawa walikuwa vijana wa chuo, si wazee.

Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake, wakiwa New York, walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea, na ubongo hulazimika kuihifadhi upya. Mimi fundi hilo halinishangazi, maana RAM ya kompyuta, yaani memori inayofanyia kazi ikiwa imewashwa, nayo iko hivyo. Kusoma chembe yake kunamaliza chaji iliyomo, na chipu lazima iandike tena papo hapo. Ila chipu inarudisha kilekile, sifuri inarudi sifuri, moja inarudi moja. Ubongo unarudisha pamoja na msiba, hamu, na maneno yaliyosemwa matangani. Kila mara mzee alipomkumbuka mdogo wake, alimwandika upya, na nadhani alimwandika pale alipotamani awepo.

Kadi nayo tusiiabudu. Inashika chaji, na ikiachwa miaka mingi bila umeme chaji huvuja. Tena faili inajua saa na tarehe, haijui nani ni shangazi na nani ni jirani.

Nilimwambia kijana awashe rekoda, mzee aseme yote kuhusu mdogo wake, kijana naye aongeze anayoyajua. Tukaweka sauti zao na picha kwenye flashi mbili, moja ya mzee, moja ya bibi harusi.