Siku Tuliyopiga Simu Bila Kuuza

Toleo jipya la programu yetu ya kompyuta lilikuwa limeahirishwa tena, na timu ya mauzo niliyokuwa naiongoza ilikuwa imepoa. Hawakuwa wavivu. Hao hao ndio waliokesha nami wakati wa uzinduzi uliotangulia, simu zikiita mfululizo. Sasa mteja akipiga aliambiwa, "Subiri kidogo, kizuri zaidi kinakuja," naye alisubiri kweli, na kamisheni ya mwezi ikaenda na maji.

Hiyo "subiri kidogo" ilininyima usingizi. Kila nilipoisikia niliikumbuka Osborne, kampuni ya Marekani iliyotoa kompyuta ya kubebeka mwaka 1981 ikauzika sana. Habari za mashine bora zaidi zikatangulia mashine yenyewe, wanunuzi wakaahirisha kununua, na Septemba 1983 kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema ilikuwa na matatizo mengine pia, nami nakubali. Lakini mteja akiambiwa na muuzaji mwenyewe kwamba cha leo hakifai, anunue kwa nini?

Mkurugenzi alitaka tuweke shindano, atakayeuza zaidi apewe zawadi. Nilimwomba siku moja kwanza. Shindano huwapa nguvu wawili watatu walio mbele tayari. Waliobaki hujiona wameshindwa kabla halijaanza. Tena sikuamini kwamba shida ilikuwa pesa. Kwetu, mteja akishalipa alikabidhiwa kitengo cha huduma, na muuzaji hakumwona tena. Alikuwa anauza kitu ambacho hajawahi kukiona kikimfaa mtu.

Asubuhi hiyo niliwagawia orodha za wateja waliowauzia wenyewe, na sharti moja: marufuku kuuza chochote.

"Sasa bosi, nimpigie mtu nisimuuzie, nitamwambia nini?" aliuliza kijana mmoja ambaye nilishasikia anatafuta kazi kwingine.

"Muulize anaitumiaje, kisha msikilize."

Simu za mwanzo hazikupokelewa. Halafu akampata mama mmoja mwenye duka la dawa. Mama akamweleza kwamba kila mwisho wa mwezi yeye na msaidizi wake hushusha maboksi yote rafuni, wakisoma tarehe moja moja, kutafuta dawa zinazokaribia kuisha muda. Kijana akanyamaza. Akavuta kiti.

"Mama, uko karibu na kompyuta? Fungua palipoandikwa ripoti."

Programu ile, iliyokwisha kuchuja machoni petu, ilikuwa na uwezo wa kupanga dawa kwa tarehe za kuisha muda tangu ilipotoka. Wakaenda hatua kwa hatua. Mama akabonyeza pasipotakiwa, wakarudi nyuma, wakaanza upya. Orodha ilipotokea, sauti yake ilinifikia nilipokuwa nimesimama: "Kumbe ilikuwemo humu humu! Ubarikiwe, mwanangu."

Kijana aliweka simu chini, akaanza kupekua orodha yake. "Wenye maduka ya dawa wote niliowauzia hawalijui hili," alisema, na hakuwa akisema na mimi. Alikuwa tayari anapiga namba nyingine.

Furaha ile, nasema kwa yakini, hakuna bonasi iliyowahi kuileta ofisini kwetu. Watu walianza kuitana mezani. Dada mmoja mkimya, ambaye kwenye vikao hakuwa akifungua kinywa, aligundua kwamba baadhi ya wateja wake walikwama siku ya kwanza kabisa, kwenye kuingiza orodha ya bidhaa, wakaachana na programu bila kulalamika kwa mtu. Nilimwomba awaonyeshe wenzake alivyowakwamua. Alifundisha vizuri, na maswali yalikuwa mengi.

Jioni mkurugenzi akapita kuuliza tumeuza ngapi.

"Hatujauza," nikamjibu, nikamwelekeza ubaoni, tulikoandika kila mteja na alichokuwa amekwama nacho.

Alisoma taratibu. "Leseni za hawa za kutumia programu zinaisha lini?"

Kijana wa duka la dawa akamtajia tarehe za wateja wake, mmoja baada ya mwingine, bila kutazama karatasi. Mkurugenzi akavuta kiti, tukaanza kujadili kamisheni ya leseni zitakazohuishwa, jambo ambalo hadi siku hiyo halikuwemo kwenye mikataba yao. Mwezi uliofuata liliingizwa.