Siku yangu kazini: kizimba kidogo kinamfaa nani?

Saa 12 asubuhi
Chai, mahamri na mbaazi, kisha matatu ya Bamburi kutoka Kongowea. Kazi yangu ni kutunza nyoka, mijusi na kobe katika bustani ndogo ya wanyama watambaao, pwani ya kaskazini. Kaskazi imekaza, jua halijapanda na jasho lishaanza.

Saa 1
Kabla ya kufungua napita na kipimajoto. Mtambaazi hajitilii joto mwilini mwake. Akilitaka huenda penye joto, akizidiwa hukimbilia penye ubaridi, kwa hivyo kila kizimba sharti kiwe na pande mbili. Watu hunambia, "Mombasa joto tele, taa ya nini?" Kumbe shida yetu hasa ni ule upande wa ubaridi. Sanduku la kioo likikaa dirishani jua la alasiri, ndani huwa tanuri, na aliyemo hana pa kwenda. Na kizimba kikiwa kidogo, joto hupanda upesi zaidi.

Saa 3
Chakula. Huyu geko chui, mjusi mwenye madoa kama ya chui, namtilia nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu. Akiikosa, mifupa hulegea na miguu ikapinda. Anatoka pangoni, anainua kichwa, ncha ya mkia inaanza kutikisika polepole huku macho hayabanduki kwa nyenje. Mara, kashamnasa. Mwili mzima ni sentimita 20 hadi 25, na mkia umenona kwa sababu ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Hapandi kioo kama mjusi kafiri wa ukutani, vidole vyake havinati.

Saa 5
"Shikamoo, mjomba."
"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Mtoto amekuja na mamake. Kwenye simu ana picha ya tanki lililokuwa la samaki, sentimita 60 kwa 30. "Nimtie kinyonga? Uani kwetu wapo."

Hapo nikaacha kazi, nikakaa naye. Kinyonga wa uani mwache uani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Na hata sheria isingekuwapo, kinyonga ataka urefu wa kupanda, majani, hewa ya kupita, na matone ya maji juu ya majani, maana kwa kawaida bakuli halishughulikii. Tanki fupi la kioo ni mateso kwake.

Kobe je? Kila mtu Mombasa ampenda yule kobe aitwaye Mzee wa bustani ya Haller Park, aliyesuhubiana na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004. Lakini kobe anayeenea kiganjani leo hukua, na huishi miongo mingi. Kenge wa mtoni hufika mita 2. Mimi huwa sitazami mnyama alivyo siku ya kununuliwa, natazama atakavyokuwa akishakua.

"Sasa kabaki nani?" mtoto akauliza.

Nikamwonyesha boa wa mchangani. Macho na pua tu juu ya mchanga, mwili wote umezikwa. Dume ni kama nusu mita, na Ulaya na Marekani wanamfuga sana kwa jina la Kenya. Lakini huku kwetu ni mnyama wa porini, sheria ni ile ile, na chakula chake ni panya. Mama akarudi nyuma hatua moja.

Basi nikawarudisha kwa geko. Kwa maoni yangu, mwenye nafasi ndogo hana mnyama bora kuliko huyu. Ila hata yeye, lile tanki la samaki halimtoshi. Mimi sishuki chini ya sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Humo mna pango la joto, pango la ubaridi, na pango la tatu lenye unyevu wa kumsaidia kujivua ngozi. Akae peke yake, madume wawili hupigana. Asili yake ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20.

"Miaka ishirini?" mama akasema. "Huyu akienda chuo, atabaki na nani?"
"Na wewe, dada."

Akanyamaza, akainama kumtazama geko vizuri.

Saa 7 mchana
Sabuni kwanza, hadi viwikoni. Watambaao hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima, ndiyo maana watoto wa chini ya miaka 5 siwapi kushika. Kisha swala, wali wa nazi na samaki.

Saa 9
Kuosha kizimba cha chatu. Kazi ya watu wawili.

Saa 11 jioni
Ujumbe wa mama: wamekubaliana geko, na tanki la samaki wataliuza. Nimemjibu asinunue hata taa kwanza. Aende KWS aulize karatasi zinazotakiwa kwa mnyama wa kutoka nje, amtake muuzaji amwonyeshe zake, kisha apime ile kona ya sebuleni isiyopigwa na jua. Vipimo vya kizimba nitampelekea kesho, na fundi wa vioo namjua.