Sadaka ya mama haikutengwa

Wiki ya pili sasa natembea na kauntabuku ya jumuiya kwenye pochi. Ni ya jalada jeusi, kona zimeshaanza kuchakaa. Kwa kuwa kazini mimi ni mhasibu, wazee wenzangu wa kanisa hapa Dar es Salaam waliona niishike mimi, nami niliipanga kihasibu hasa: jina, namba ya bahasha, ahadi, alichotoa, na safu ya mwisho, hali. Hali naijaza kwa herufi moja tu. M ni mshiriki. N ni nje ya kundi.

Jumapili ya wiki juzi, baada ya ibada, tulikaa kama robo saa kumjadili binti mmoja wa kwaya. Ana mimba. Ya nani hakutaja, na sisi hatukuuliza sana, ingawa kila aliyekuwa kwenye kikao anamjua kijana, na kijana asubuhi ile alikuwa amepiga kinanda. Nikachukua rula, nikakata M kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika N pembeni. Mkono haukunitetemeka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimelelewa mlimani, Uchaggani, kwa baba ambaye kila mwaka alisema ndoa ya kanisani ni mwakani. Mahari ilishalipwa, nasikia mbuzi wa mwisho aliliwa kabla sijazaliwa. Ukoo ulimtambua mama kuwa ni mke wa mtu. Kanisa ndilo halikumtambua. Kwa hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake walipoinuka kwenda kwenye Chakula cha Bwana yeye alibaki na kitabu chake cha nyimbo, anaimba sauti ya pili, tena kwa nguvu. Jumamosi alikuwa akikata mkungu wa ndizi mzuri kuliko ule tuliobaki nao nyumbani, na kesho yake unanadiwa nje ya kanisa pamoja na mayai na kuku wa watu. Sadaka yake haikuwahi kutengwa hata siku moja.

Na ni yeye aliyenifundisha Katekisimu Ndogo, kile kijitabu cha Luther cha maswali na majibu ya imani. Jioni anamenya ndizi za mtori, utomvu umemgandia vidoleni, mimi nasoma amri, yeye anauliza bila kuinua macho: "Maana yake ni nini?" Nikikwama, anamalizia mwenyewe, neno kwa neno, kisu hakisimami. Siku ya kipaimara, mwaka 1998, nilivaa gauni jeupe la kuazima, nikapiga magoti mbele nikapokea. Kurudi kwenye kiti nilipita karibu na benchi lake. Sikumtazama. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na moyoni nilisema: mimi nimefika alipokwama yeye. Nadanganya nikisema nilimhurumia. Nilijisikia vizuri mno.

Baba alifariki 2009. Baada ya matanga mzee mmoja alikuja kumwambia mama kwamba sasa kizuizi kimeondoka. Jumapili moja akaitwa mbele, jina likasomwa, akarudishwa kundini kwa makofi na vigelegele. Nilimuuliza jioni ile mkate ulikuwaje baada ya miaka yote hiyo. "Bado ni kama karatasi," akasema, akacheka, nami nikacheka. Ilinichukua miaka kuona kilichotokea pale. Mama hakuwa ameacha kitu wala kuanza kitu. Aliyekufa ni baba.

Nilimpelekea mchungaji wetu dukuduku hili, naye akanijibu kwa Warumi 6: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha! Ana haki. Nawajua watu wanaotumia neema kama kitambulisho cha kupitia geti. Mtu anampiga mke Jumamosi, Jumapili anashuhudia jinsi Bwana alivyo mwema. Huyo akisimamishwa, kalamu naileta mimi. Lakini nimepitia kauntabuku yangu kurasa zote na sikumkuta mwenye rushwa, wala anayedhulumu kiwanja cha yatima. Walio na N karibu wote ni wanawake, na kosa lao ni lile linaloota tumbo.

Paulo anawauliza Wagalatia ni nani aliyewaloga. Kuloga, ndilo neno lililomo kwenye Biblia yetu, na kila Mswahili anajua uzito wake. Na hao walogaji hawakuwa wapagani, walikuwa watu wa kanisani waliotaka kuongeza tohara juu ya Kristo ili wahakikishe kabisa. Martin Luther, ambaye kanisa letu la Kilutheri limebeba jina lake, aliupenda waraka huo kiasi cha kuuita Katharina von Bora wake, jina la mkewe. (Sijui kama Katharina mwenyewe alifurahi.) Na kwenye Katekisimu Kubwa ya 1529 anasema dhambi na dhamiri vikitubana, tujibu: hata hivyo, nimebatizwa.

Nimebatizwa. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeniambia hiyo ni kauli ya kutendwa. Mmeokolewa, Waefeso 2, nayo ni kutendwa. Matendo yamewekwa upande wa pili wa sentensi, mtu awaye yote asije akajisifu. Nilitafuta cheti changu cha ubatizo juzi. Nilikuwa na miezi mitano, bibi ndiye aliyenibeba kwa sababu ya ile hali ya wazazi. Sikuwa nimeshika amri hata moja. Ile ya usiue sikuwa hata na nguvu za kuivunja. Na cheti hakina safu ya hali.

Usiku wa kikao kile nilimpigia mama. Nilimweleza yote, nikitegemea aseme neno juu ya benchi lake. Akauliza tu, "Huyo binti anakula nini?"

Sikuwa najua. Jumamosi iliyopita nikabeba kilo tano za unga wa uji, sukari na karanga, nikaenda. Nilibisha hodi mara mbili. Mama yake alichungulia pazia, akaniona na ile pochi ninayokuja nayo siku zote, akasema, "Karibu mzee wa kanisa, subiri kidogo." Nikamsikia ndani anafungua kabati, anamuuliza binti iliko ile noti ya elfu kumi. Akatoka na bahasha yetu, namba 47, amenishikia kwa mikono miwili.

"Ya mwezi huu haijatimia," akasema. "Nyingine tutamalizia."