Wazee wetu, pigeni hesabu ya korosho kabla ya kutoa pesa

Malipo ya korosho yakiingia benki, msiishie kwenye ujumbe wa simu. Chukueni stakabadhi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), zidisheni kilo kwa bei ya mnada ambapo mzigo wenu uliuzwa, kisha toeni makato ya kila kilo. Kwa mfano, kilo 480 kwa shilingi 3,000 ni 1,440,000 kabla ya makato. Hapo ndipo panapovuja: kilo zimenakiliwa vibaya, daraja la kwanza limeandikwa la pili, au tarakimu moja ya akaunti imekosewa. Daini mapema, karani akiwa bado na daftari la msimu.

Pensheni nayo: mkopo unaokatwa humo ukiisha, hakikisheni makato yamekoma.

Mtu akipiga kusema “nimekosea kutuma pesa, nirudishie”, angalieni salio kwanza, maana ujumbe hughushiwa. Hata ikiwa pesa imeingia kweli, aombe mtandao wenyewe uirudishe.