Bogenvilia Haitaki Kudekezwa

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa na bogenvilia yenye majani ya kijani kibichi, matawi yaliyotambaa hadi juu ya ukuta na miiba ya kutosha kumzuia paka asipite, lakini haikuwa na ua hata moja. Niliimwagilia kila jioni na kuiwekea samadi mara kwa mara, na kadiri ilivyozidi kunawiri ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba maua yalikuwa karibu. Hayakuja.

Ili kosa langu lieleweke, yafaa kwanza kulitazama ua lenyewe. Ukichuma kishada kimoja na kukisogeza karibu na macho, utaona majani matatu mepesi kama karatasi ya shashi, ambayo wataalamu wa mimea huyaita brakti, na kila jani limebeba kijiua kimoja cheupe, chembamba kama mrija. Rangi zote tunazozisifu, yaani zambarau, nyekundu, chungwa na nyinginezo, ni za majani hayo, na ua halisi ni kile kijiua ambacho watu wengi hawakioni. Asili ya kichaka hiki ni Amerika Kusini, na jina lake limetokana na Louis Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika safari hiyo, ndiye aliyeikusanya Brazili, akiwa na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyesafiri akijifanya mwanamume. Kisa hicho kinastahili makala yake.

Sasa turudi kwenye miiba, kwa sababu humo ndimo lilimojificha jibu. Katika bogenvilia, mwiba na kikonyo cha maua huchipuka mahali pamoja, kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na tawi, na ni matokeo mawili ya chipukizi la aina moja. Mmea uliojaa maji na naitrojeni, kirutubisho kilichomo ndani ya samadi, tena ukiwa kivulini, hurefusha matawi na kugeuza machipukizi hayo kuwa miiba. Mmea unaopata jua kali na kiu kidogo ndio unaotoa maua. Kwa maneno mengine, kila jioni nilikuwa nikinywesha miiba.

Tangu nilipoelewa hivyo, nimeihamishia mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku, na humwagilia tu pale udongo wa juu unapokauka kabisa, au majani yanapoanza kulegea kidogo. Nikimwagilia, namwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, kisha naiacha. Udongo uwe wa kichanga, usiotuamisha maji, na chungu kisiwe kikubwa kupita kiasi, kwani mizizi iliyobanana kidogo haiizuii kuchanua. Samadi nimeipunguza sana. Wakati wa kuihamisha nilikuwa mwangalifu mno, kwa kuwa mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi, na ni vyema bonge la udongo lisivunjike.

Kupogoa ni lazima, kwa sababu maua hutokea kwenye matawi machanga. Kila msimu wa maua unapokwisha, nakata ncha za matawi yote, na yale marefu nayafupisha kwa theluthi moja hivi. Vaa glavu nene. Nimewahi kudharau ushauri huo na kidole kikavimba kwa siku tatu.

Kuizalisha ni kazi rahisi inayohitaji subira. Kata kijiti kilichokomaa, chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, ondoa majani, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu na kukiweka kivulini. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika: kijiti hutoa majani kwa akiba iliyomo ndani yake kabla hakijaota mzizi wowote, na mtu akikivuta ili ahakikishe, anakiua. Safari hii nimepanda vijiti 6. Vinne vimekwisha kutoa majani, na bado sijavigusa.