Bahasha za Kwaresima

Jana jumuiya yetu ya Kikatoliki ilihesabu mchango wa Kampeni ya Kwaresima. Mweka hazina akamwaga bahasha mezani: noti za mia zimekunjwa mpaka hazifunguki, sarafu za ishirini, na bahasha moja ina kikaratasi tu, "nitatuma kwa M-Pesa". Tulicheka! Aliyetoa nyingi kuliko wote ni mama mmoja wa mboga, na biashara yake mwaka huu imelala. Sisi wa mishahara, kimya.

Jimbo Kuu letu la Nairobi limetoka mbali. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Likawa Jimbo Kuu 1953, na 1968 Nakuru ikamegwa humo ikawa jimbo la peke yake. Leo linafika mpaka Kiambu, na nyumba za kupanga zikiota, waumini nao wanaongezeka.

Ombi langu moja: tukishasomewa kilichokusanywa, tusomewe pia kilichotumika. Mama wa mboga ajue mia yake imemlisha nani. Mwenyekiti amesema ataliweka kwenye ajenda. Haya, tunangoja.