Laptopu ya binti yangu

Ndiyo kwanza nimetoka kununua laptopu ya mtumba. Binti yangu anajifunza kuandika programu, na mpya siiwezi.

Ya kwanza ilikuwa inang'aa kama kioo.
Nikachomoa chaja, ikazima papo hapo. Betri ilishakufa kitambo!

Ya pili ni ThinkPad yenye mikwaruzo. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia), prosesa ya Intel kizazi cha 8, kwa hiyo Windows 11 inaingia (huduma ya Windows 10 iliisha Oktoba 2025, msisahau).

Binti mwenyewe wala hakuuliza hayo.
Alikuwa akibonyeza herufi moja moja, akafika kwenye A iliyofutika kabisa, akacheka:
"Aliyekuwa nayo aliandika sana huyu!"

Nikalipa.

Nyie huwa mnakagua nini kwanza?